Ngamia wa Mahari

Baba yangu, aabo Hashi, alipofungua duka na rafiki yake Bare pale sokoni Garissa, walichora ubaoni: Hashi na Bare Kampuni. Aliamini neno hilo latosha. Kwetu mtu akiua, ukoo wote huchanga diya, fidia ya damu. Basi aliwaza kampuni nayo ni hivyo, wengi kubeba mzigo wa mmoja.

Mvua za mwisho wa tisini na saba zikakata barabara. Lori letu la sukari na unga likazama matopeni, mali ikaoza yote. Bare akavuka kwenda Kismayu, hatukumsikia tena. Tajiri wa Nairobi aliyetukopesha mzigo akaenda kortini, akashinda.

Aabo alirudi kutoka kwa wakili amenyong'onyea. Aliambiwa kampuni ya kweli ikianguka huanguka peke yake, lakini yeye aliandikisha jina la biashara tu. Deni la jina ni la wenye jina, na Bare akiwa hayupo, ni lake lote.

Dalali wa korti alikuja na askari wawili. Dukani rafu zilikuwa tupu, wakaja nyumbani. Wakatoa redio, cherehani, vitanda. Mama, hooyo Rukiyo, alitazama tu. Walipofungua ua wa miiba ndipo akasimama mbele ya ngamia wake. Tangu duka lifungwe, tuliishi kwa maziwa yake.

"Huyu ni mahari yangu," alisema. "Si wa duka."

"Mama, kila nyumba ninayoingia, mali ni ya mke." Dalali akagusa alama ya moto shingoni mwa ngamia. "Chapa ya nani hii?"

"Yangu," aabo alijibu. "Lakini ngamia ni wake."

Kwetu ngamia wa mke huchomwa chapa ya mume, ili akiibiwa wanaume wa ukoo wamfuate. Hooyo mwenyewe ndiye aliyeomba achomwe.

Dalali akaulizia mashahidi wa mahari. Aabo akawataja. Mmoja tulishamzika. Wa pili ni Bare.

"Basi mlete Bare kortini."

Ngamia alikataa kutoka. Askari aliyeshika kamba yake akaokota fimbo. Hooyo akamnyang'anya kamba, akamwimbia ngamia polepole kama wanavyoimbiwa kisimani, akamfikisha yeye mwenyewe mpaka kwenye lori.

Jioni aliosha kibuyu cha maziwa, akakifukiza moshi kama kila siku, akakitundika.

"Nisamehe, Rukiyo," aabo alisema.

"Chai iko tayari," alijibu.

Ilikuwa ya rangi.