Faili la Mwende

Mwaka 1988 Lela Muhidin alikuwa karani wa kompyuta katika mradi uliofuatilia afya ya watoto wa mtaa wa Majengo. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Gikomba, na kompyuta yao ya Unix haikuwa na picha; unaandika amri, nayo inajibu kwa maandishi ya kijani. Kila mtoto alikuwa na faili lake. Ukiandika ls, majina yote yanashuka kwenye kioo kwa mpangilio wa alfabeti.

Ijumaa moja asubuhi, akitayarisha ripoti ya mwaka, aliona daftari la wauguzi lina mtoto mmoja zaidi ya kompyuta. Alilinganisha jina kwa jina mpaka akampata aliyekosekana: Mwende, binti wa Kanyiva, karani mwenzake. Mtoto huyo alifariki kwa surua mwezi wa Machi.

Labda faili lake limefutika, alifikiri. Kisha akakumbuka kwamba ls peke yake haionyeshi faili ambalo jina lake limeanza na nukta. Akaandika ls -al, ili aone yote, hata yaliyofichwa, pamoja na jina la mwenye faili. Likatokea karibu na juu: .mwende. Mwenyewe: kanyiva.

Kanyiva aliingia na chupa ya chai.

"Nimeliona faili la Mwende," Lela alimwambia polepole.

Kanyiva aliiweka chupa mezani, akakaa. "Sikulifuta, dada."

"Najua."

"Kila nilipoorodhesha, jina lake lilipita machoni pangu, kati ya Musa na Mwikali. Kulifuta sikuweza. Nikaliwekea nukta. Lakini kila siku kabla ya kutoka nalitafuta, nione kama bado lipo."

Lela hakuwahi kuzaa, na aliogopa kusema neno lisilofaa. "Ukitaka, nitamhesabu kwenye ripoti, faili likae hapo hapo. Hakuna atakayejua."

Kanyiva alikitazama kioo.

"Siku niliyompeleka kuchanjwa, niliambiwa chanjo imekwisha, nirudi wiki ijayo. Hilo limeandikwa?"

"Limeandikwa ndani ya faili. Mtu hataliona asipolifungua."

"Na wenzake walioambiwa hivyo?"

"Sijui. Hatujawahi kutafuta."

Kanyiva alivuta kiti karibu na kibodi. Aliandika amri ya kubadilisha jina, akaiondoa ile nukta, kisha akapiga ls. Majina yakashuka. Jina la mwanawe lilipotokea alifumba macho, akayafumbua tena.

"Tuanze na herufi A," alisema. "Wewe fungua, mimi nisome."

Walifungua mafaili yote kwa siku nne. Walipata watoto kumi na tisa waliorudishwa nyumbani bila chanjo. Ripoti ilipotoka, habari hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na aliyeipiga chapa alikuwa Kanyiva.