Ukikosea, Nanyamaza

Mtihani ulikuwa kesho, na muuguzi alikuwa ameshafeli mara mbili. Kilichomwangusha ni kile kidudu cha Kijerumani: unachukua kitendo, kulala, kulia, kusubiri, unakitia d, kinageuka sifa ya mtu anayekifanya sasa hivi. Hapo bado. Kila sifa inadai mkia wake, -e, -er, -es au -en, kutegemea anayesifiwa ni nani na amekaa wapi kwenye sentensi. Lugha ya watu wasio na huruma, basi. Lakini bila cheti hakuna kazi huko Ujerumani, na bila kazi huko mama asingetibiwa moyo wake.

Mama huyo, fundi cherehani mstaafu, ndiye aliyekuwa mwalimu. Alishika kadi kitandani, ameegemea mito mitatu, anasoma Kiswahili cha mbele na kukagua Kijerumani cha nyuma. Binti aliketi sakafuni akimpa mgongo, asije akachungulia. Akipata, mama husema "haya". Akikosea, mama hunyamaza mpaka apate. Ndiyo ilikuwa sheria yao.

Tangu juzi miguu ya mama ilikuwa imevimba, na pumzi zilikuwa zikimkatika. Angekuwa mgonjwa wa wodini, muuguzi angeshawagombeza ndugu zake. Ila ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

"Mama, twende hospitali."

"Kesho, ukishatoka kwenye mtihani. Ukinipeleka leo utashinda huko, ufeli tena. Mimi sina pa kwenda, mwanangu."

Akakubali. Tena, aibu iliyoje, alishukuru moyoni.

"Mtoto anayelia," mama alisoma.

"Ein weinendes Kind."

"Haya. Mwanamume anayesubiri."

"Ein wartender Mann."

Kimya.

Nimekosea, aliwaza. "Ein wartende Mann." Kimya. "Wartendes." Kimya. Alichokuwa akiogopa ni mtihani tu. "Wartenden. Mama, nisaidie basi, umebaki mkia gani?"

Akageuka. Kadi ilikuwa imeangukia kifuani mwa mama, na midomo ilishapoteza rangi. Akamshusha sakafuni, akambonyeza kifua kama alivyofundishwa, akihesabu kwa sauti, mpaka jirani alipokuja kumshika mikono.

Baadaye aliiokota ile kadi akaigeuza. Jibu lake la kwanza ndilo lililokuwa sahihi. Hayo mengine matatu aliyasema huku mama akikata roho nyuma ya mgongo wake.