Nyu Shepu ya Kobe

Gari lenyewe lina jina lake la kiwandani, lakini Nairobi nzima huliita Kobe, kwa kuwa hubeba gurudumu lake la akiba mgongoni, nje ya mlango wa nyuma, kama kobe na gamba lake. Wapo wanaobisha kwamba jina limetokana na bandari ya Kobe huko Japani. Waacheni wabishe.

Ndanu hakuwahi kumiliki Kobe, na hata kuendesha hakujua. Lakini gurudumu lile la mgongoni ndilo lililosomesha watoto wake wawili. Alishona kava za kulifunika. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza katika jengo la River Road: dirisha moja, marobota ya plastiki nzito ukutani, na katikati cherehani kubwa ya kushonea ngozi, nzito kiasi kwamba wanaume wanne waliipandisha wakipumzika kila ngazi. Chini yake kulikuwa na duka la kuchapa la Amin, mtu wa Lamu. Ndanu akimaliza kushona, Amin alichapa maneno aliyoyataka mteja: jina la shule, mstari wa zaburi, majina ya mapacha, na mara moja, kwa mwanamke aliyekosana na wakwe zake, "Bado Nipo".

Jumatano asubuhi, picha ilifika kwenye kundi la simu la wauzaji wa vipuri. Kobe jeupe, linang'aa kama sahani ya wageni, limeonyeshwa kwa nyuma. Mlango laini, gurudumu hakuna. Chini yake mtu alikuwa ameandika: "Nyu shepu hiyo," yaani umbo jipya la gari.

Kabla chai haijapoa dukani kwa Amin, mtaa mzima ulikuwa umehitimu uhandisi. Mmoja alisema gurudumu limehamishiwa chini ya buti. Mwingine akasema hapana, nyu shepu haina haja ya gurudumu la akiba, kwa kuwa tairi zake hazitoboki. Wa tatu alijua kwa hakika kwamba injini imetolewa, betri imekaa pale gurudumu lilipokuwa. Norman, aliyeuza vioo vya pembeni mlango wa pili, alitangaza kwamba hata vioo vinaondolewa na kuwekwa kamera, akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi yake mwenyewe.

Amin peke yake hakutishika. "Picha tu hiyo," alisema. "Mie nachapa picha kutwa. Ukitaka Kobe lenye mabawa, niletee karatasi."

Wakacheka, na Ndanu akacheka nao. Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Norman alikuwa na binamu bandarini, na binamu akatuma ujumbe wake muda huo huo. Norman akausoma kwa sauti: "Nyu shepu ya Kobe imeshuka Mombasa. Ni nyingi sana."

Hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja alimtazama Ndanu, kisha akatazama chai yake.

Ndanu hakuwa mtu wa kulia kabla ya kupigwa, lakini pia hakuwa mtu wa kusimama angoje kofi. Alikuwa amemwona jirani yake wa zamani, muuza kaseti, aking'ang'ania biashara yake mpaka kaseti zikawa za kutundika mashambani kufukuza ndege. Alipanda ngazi, akakaa mbele ya cherehani, akafikiri kwa muda usiotosha kuchemsha yai, kisha akampigia simu Muigai.

Muigai alikuwa fundi wa viatu kule Ngara. Kila alipokuja kuazima sindano aliipapasa ile cherehani ubavuni kama mtu anayechunguza ndama sokoni. Kwa muda mrefu alikuwa akiomba auziwe, na kwa muda huo huo Ndanu alikuwa akimwambia aende zake.

"Ile cherehani, bado unaitaka?"

"Mama Cate, umeugua?"

"Sijaugua. Njoo Jumamosi na mkokoteni. Na usije na maneno mengi."

Jioni ile, nyumbani Uthiru, alimweleza binti yake Cate habari hiyo huku akichambua maharagwe, haraka haraka, kama anayeeleza bei ya mafuta ya taa. Kobe limevuliwa mzigo. Kava zimekwisha. Cherehani inaondoka Jumamosi, kabla mafundi wote wa mjini hawajashtuka na kuuza zao. Yeye ataungana na dada yake kuuza mayai Kangemi.

"Mayai?" Cate akauliza.

"Watu hawali mayai?"

Cate aliendelea kumenya viazi. Alikuwa amerithi kwa mama yake ulimi, lakini yeye aliuficha kwanza kabla ya kuutoa. "Hilo gari umeliona, mama?"

"Nimeona picha."

"Si wewe ulinirudisha sokoni na kilo nzima ya nyanya kwa kuwa sikuzibonyeza?"

Ndanu alimwambia amenye viazi aache mdomo. Lakini Ijumaa asubuhi alitia tepu ya kupimia mkobani, na pamoja nayo kava moja iliyokuwa imekamilika, ili huko aendako amwonyeshe muuzaji kazi yake na asifukuzwe kama mzururaji. Akaenda Ngong Road, kwenye viwanja vya kuuzia magari.

Katika kiwanja cha tatu alipokelewa na kijana mwenye tai, jina lake Wambua, aliyetangulia kuangalia viatu vyake kabla ya kumwangalia usoni. Ndanu alimwambia amekuja kuona nyu shepu ya Kobe. Wambua akataka kujua kama ni ya kununua.

"Ya kuona. Ama kuona pia mnatoza?"

Kijana akacheka, akauliza jina, na aliposikia Ndanu alibadilika kabisa. Kumbe ni mtu wa nyumbani. Akaanza kumwita mwaitu, kama Wakamba wanavyowaita mama zao, akataka kujua anatoka Machakos sehemu gani.

"Mwala," Ndanu alisema. "Nionyeshe gari."

Magari yalikuwa nyuma ya kiwanja, yamejipanga na vumbi la safari ya Mombasa, vibandiko vya Kijapani bado viko kwenye vioo. Ndanu alipitia kando, akafika nyuma ya la kwanza.

Gurudumu lilikuwepo.

Alilishika. Akalibonyeza. Akaenda nyuma ya la pili, nalo lilikuwa na lake, na la tatu vilevile. Akalizunguka lile la kwanza tena, kama mtu aliyeangusha ufunguo, akarudi pale pale.

"Nimesema nyu shepu," akamwambia Wambua.

"Si ndiyo hii, mwaitu? Ile ingine taa zake ni za duara. Hii taa zimechongoka. Zimeshuka juzi tu."

Ndanu alitoa simu akamwonyesha ile picha nyeupe. Wambua aliitazama, akaangua kicheko.

"Hii? Hii ni kubahatisha. Kuna mtu amekaa na kompyuta yake huko akachora vile anafikiria watatengeneza. Kiwanda hakijasema kitu."

"Na kikisema?"

"Kikisema, si watauziana wao Wajapani kwanza? Waendeshe, waichoke, ndiyo ije huku. Hiyo ikifika Ngong Road mimi nitakuwa na kitambi." Kisha akaongeza, kwa upole, kana kwamba anamwambia mtoto: "Nyu shepu yetu ni kuukuu yao. Wewe unajua."

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma. Kila mtu Nairobi anajua kwamba gari likiitwa jipya hapa, lina watu waliokwisha kuchoka nalo kwingine. Norman alijua, wenye chai zao walijua, yeye mwenyewe alijua. Lakini neno lilikuwa moja. Aliyetuma picha alisema nyu shepu akimaanisha ya kesho kutwa ya Wajapani; binamu wa bandarini alisema nyu shepu akimaanisha iliyofika leo. Wao wakazishona habari mbili kwa uzi mmoja, na Ndanu, fundi mzima wa kushona, hakuona mshono.

Angeweza kurudi mjini hapo hapo. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kutoa ile kava mkobani, kwa mazoea tu, ukaivisha gurudumu. Kava ikakataa. Ilifunika juu na pande, ikabaki na pengo chini, kama shati la mwaka jana kwa mtoto wa darasa la nane.

"Pole, mwaitu," Wambua alisema, akidhani amemwona akiaibika.

Ndanu hakuwa na haja ya pole. Alikuwa amepiga goti kwenye kokoto. Gurudumu hili lilikuwa kubwa kuliko la zamani, na nene zaidi. Tena chini yake, mahali ambapo kava ya kawaida, hata ikikatwa kubwa, ingelala, palikuwa na jicho dogo la kamera ya kurudi nyuma. Ukiliziba, dereva anarudi nyuma kipofu. Kava zote zilizotundikwa madukani mjini, zake pamoja na za washindani wake, hazingelifaa gari hili hata moja.

Akatoa tepu. Alipima upana, akapima unene, akapima kutoka kwenye ukingo hadi kwenye kamera, akapima tena kwa kuwa hakumwamini mtu, hata yeye mwenyewe.

"Wanunuzi wanakuulizia kava?" alimuuliza Wambua bila kuinua kichwa.

"Kila siku. Nawaambia hakuna."

"Kuanzia Jumatatu waambie zipo."

Jumamosi Muigai alipotokeza mlangoni, wanaume watatu wakimfuata na kamba, Ndanu alikuwa ameinamia cherehani. Ilikuwa inanguruma. Amin alikuwa amekaa juu ya robota, ameitwa aelezwe habari ya kamera, kwa kuwa maneno ya kuchapa nayo yangebidi yapandishwe juu kidogo.

Muigai aliangalia cherehani, akaangalia kamba, akaangalia cherehani.

"Mama Cate, ahadi ni deni."

Ndanu alisimamisha mashine. Alikuwa amefikiria uongo mzuri mzuri njiani kutoka Uthiru, akauacha. "Ni deni, na nimekataa kulipa. Nilikosea neno moja nikakuita kwa sababu yake. Siuzi. Nisamehe, na kama huwezi leo, utanisamehe kesho."

"Mke wangu nimeshamwambia."

"Mwambie mimi ni mwongo."

"Nitamwambia," Muigai alisema, na kwa kweli alikuwa na uchungu. Wale wenye kamba walikwisha kukaa kwenye ngazi.

Ndanu alimwacha auseme uchungu wake wote. Alipomaliza, alimwambia kwamba yeye huanza kazi saa tatu. Kabla ya hapo cherehani hulala bure. Muigai aje aitumie asubuhi na mapema, ashone ngozi zake, na hatamdai chochote isipokuwa afagie.

Muigai aliwalipa wenye mkokoteni usumbufu wao, wakaenda, naye akabaki.

"Na ile picha?" Amin aliuliza. "Siku moja wakiitoa kweli?"

"Watoe," Ndanu alisema. "Gari litakuwa bado lina viti vya kushonewa kava. Nimemwambia Cate twende kwa jirani mwenye gari tupime viti vyake, nianze kujifunza. Mpaka ifike huku nitakuwa fundi."

Akakanyaga tena. Kava ilizunguka polepole chini ya sindano, duara kubwa kuliko lolote alilowahi kulishona, na mara mbili uzi ulikwama kwenye mkato alioachia kamera. Muigai alivumilia akitazama, mikono mfukoni, mpaka akashindwa.

"Huo uzi ni mwembamba," alisema. "Na unene huo, mvua mbili tu utaachia. Hapo unataka uzi wa soli."

Ndanu aliuvuta mshono kwa vidole viwili. Ulitoa mlio mdogo usiopendeza.

"Unao?"

"Ninao Ngara."

"Sasa umesimama hapa kungojea nini?"

Muigai alishuka ngazi akinung'unika kwamba mwanamke huyu hajui kuomba, na alikuwa amekwisha kufika barabarani Amin, aliyechungulia dirishani, alipomwona akikimbia kuelekea Ngara.