Feni Zilizojibu Watu Wakiwa Wamelala

Chakula cha mchana kilipokwisha, Bosi Liao alizima taa zote, akasema, "Haya, tufe kidogo," akajinyoosha kwenye kitanda chake cha kukunja chini ya dirisha. Ndivyo walivyoishi katika karakana ile ndogo ya vifaa vya elektroniki mjini Tainan. Baada ya wali na nyama ya mchuzi kila mtu alilala, na hata simu zilijua kunyamaza. Kumwamsha mtu saa hiyo kulikuwa utovu wa adabu usiohitaji kuandikwa ukutani.

Wan-Yun peke yake hakulala. Alijifunika jaketi kichwani pamoja na kompyuta yake, ili mwanga usimsumbue mtu. Nje mvua ya msimu wa joto ilinyesha juu ya mabati, nzito na ya polepole, kama watu wengi wanaoosha mchele kwa pamoja.

Mezani kwake palikuwa na bodi ya kidhibiti, ndogo kama kiganja, na kioo chake cha kugusa, na kando yake kipima joto na feni chache za majaribio. Bodi hiyo ilikusudiwa kutunza mabanda ya maua ya okidi ya Shangazi Tu, mteja wao: ipime joto, iziamuru feni, vyote hivyo kupitia waya mmoja. Ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi mdogo. Lugha inayotumiwa na mashine za viwandani kwenye waya kama huo, watu wengine walikwisha kuiandika, ikawa maktaba ya programu inayotolewa bure. Wan-Yun ndiye aliyemwambia Bosi, kwa sauti iliyombidi kurudia mara mbili, kwamba angeweza kuipandikiza maktaba hiyo ndani ya mfumo wao. Hapo ndipo alipotolewa kwenye meza ya lehemu na kupewa kiti cha waandika programu.

Asubuhi hiyo Bosi alikuwa amemwita pembeni.

"Ah-Yun, Shangazi Tu anakuja alasiri. Feni zikikataa kujibu mbele yake, mimi nanunua kidhibiti kilichotengenezwa na wengine. Na wewe urudi kwenye lehemu. Mkono wako wa lehemu ni mzuri, si matusi hayo."

"Ndiyo, Bosi," alijibu, na kweli hakuona kama ni matusi. Aliona tu kile kiti kikiondoka.

Kwenye waya ule mazungumzo yalikuwa na adabu zake. Bodi peke yake ndiyo iliyouliza. Iliita namba, ikasema neno lake, kisha ikauachia waya na kunyamaza. Mwenye namba yake akajibu, wengine wote kimya. Lakini wiki nzima majibu yalikuwa yanafika yamekatika vichwa, herufi za mwanzo hazipo. Wan-Yun alisoma maktaba ile mstari kwa mstari, asione kosa.

Sasa, chini ya jaketi, mvua ilimchukua. Aliuona waya kama ujia mrefu wenye milango pande zote, na nyuma ya kila mlango feni imesinzia. Bodi ilipita pekupeku, ikigonga taratibu. Namba tatu, upo? Nipo. Namba nne, upo? Nipo, joto limepanda kidogo. Kila mlango ulifunguka, ukajibu, ukafungwa.

Ilimchukua muda kugundua kwamba macho yake yalikuwa wazi. Majibu yalikuwa yanapita kwenye kompyuta, mazima, mstari baada ya mstari. Na yeye hakuwa amegusa kitu.

Akakumbuka kwamba jana pia, baada ya usingizi, aliona mistari mizuri akadhani ni ya zamani. Watu walipoamka, uharibifu ulirudi. Basi akisubiri waamke hatakuwa na cha kuonyesha. Na mfumo endeshi ule aliyeuweka ni Kaka Jui, aliyekuwa amelala hatua chache kutoka pale.

Usimwamshe aliyelala, walisema wa kale, utalala wewe. Wan-Yun aliinuka hivyo hivyo, roho mkononi.

Kaka Jui alikuwa amefunga kitambaa cha macho kilichochorwa macho mawili makubwa. Ilikuwa kama anamtazama.

"Kaka Jui. Samahani sana."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Ni tetemeko?"

"Hapana."

"Basi rudi kalale, mdogo wangu. Saa hii hata wezi wamelala."

"Feni zinajibu."

Kaka Jui aliinua kitambaa jicho moja. Kutoka chini ya dirisha Bosi alikoroma, akageuka, akanung'unika, "Kelele za mvua hazitoshi, na nyie mnaongeza?" Kisha akazama tena.

Walikwenda mezani wakinyata. Kaka Jui alitazama mistari ikipita, akanyoosha kidole kugusa kioo aone joto. Kioo kikaamka. Ua la okidi likaanza kukunjuka juu yake, jeupe, laini, petali baada ya petali. Papo hapo mistari ikakatika vichwa.

Aliondoa kidole kama aliyeungua. Wakangoja gizani. Kioo kikazimika, majibu yakarudi mazima. Akagusa tena. Yakaharibika tena.

"Ni ua langu," alinong'ona.

Alikuwa amelichora kwa wiki nyingi, na Shangazi Tu alipoliona alicheka kama mtoto. Ili likunjuke bila kusita, Kaka Jui alilipa cheo cha juu katika zamu za mfumo. Ua likiwa linafunguka, kazi ya mawasiliano ilisimama mlangoni imeshika waya, isipate zamu ya kuuachia, na mwanzo wa jibu ukapotea.

"Na mimi nilimwambia Bosi maktaba yako ni mbovu."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Nikilishusha cheo litafunguka kama mzee anayevua shati."

"Sasa tufanyeje, Kaka?"

Alikuna kichwa, akavuta kibodi, akalishusha mwenyewe.

Shangazi Tu alifika na koti lake la mvua na mfuko wa mapera. Alipogusa kioo, ua lilifunguka kwa kukwamakwama.

"Mbona linaumwa?" aliuliza. Bosi akamkazia macho Kaka Jui.

"Shangazi," alisema Wan-Yun kabla hajaulizwa, "likipendeza, feni hazijibu."

Shangazi Tu alimtazama. Kisha akakifunika kipima joto kwa viganja vyake vyenye joto la kazi, akakishikilia. Feni moja ya majaribio ikaanza kuzunguka, ikapeperusha nywele za wote.

"Mwaka juzi feni ziligoma mchana mmoja tu, nikatupa banda zima," alisema. "Maua ninayo mengi. Feni zinazosikia ndizo nisizo nazo."

Bosi alikohoa. "Basi nitafute mtu mwingine wa lehemu."

"Na wa kuja kunifungia mitambo hii bandani ni nani?" aliuliza Shangazi Tu.

Bosi alimtazama Kaka Jui. Kaka Jui akachagua pera.

"Mimi," alisema Wan-Yun.

"Njoo na viatu vya mpira, mwanangu. Humo ndani tunatembea majini."