Mguu wa Kushoto

Rangi ilikuwa bado inanuka Cheche alipoingia uani, na kabla hajamsalimu mtu alishaanza kushuku. Winchi haipakwi rangi kabla ya kujaribiwa. Unaiacha uchi, unaibebesha mzigo, unachungulia kila kiungo kama kina ufa, na ikikuridhisha ndipo unaivisha nguo. Hii ilikuwa imevishwa njano ya kuumiza macho kuanzia ncha ya mkono hadi miguuni, nayo imekaa mgongoni mwa lori kuukuu ambalo halikuwa hata limeoshwa.

"Karibu, shemeji," alisema mwenye winchi huku akijifuta mikono kwenye suruali. "Umemwona bibi harusi?"

"Nimemwona. Mbona kajipodoa kabla wakwe hawajamkagua?"

"Haya, umeanza. Hata kukaa hujakaa."

"Nikikaa nitaondoka na rangi matakoni."

Mwanamume huyo alikuwa mdogo wa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Mtaalamu, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, naye hakubagua, yote aliyapokea kama heshima. Kazi yake ilikuwa mageti. Mageti yake, Cheche hakuwa mchoyo wa kusema, yalikuwa mazuri: mazito kama dhambi, lakini unayasukuma kwa kidole. Sasa alikuwa amechoka kufungia watu nyumba zao. Alikuwa ameokota kapi za lifti iliyong'olewa, akaunganisha boriti mbili kuwa mkono, akanunua kamba mpya ya waya, na kesho asubuhi winchi yake ingeinua jenereta ya kiwanda cha barafu.

Na atakayesimama chini ya jenereta hiyo ni kaka yake, mume wa Cheche.

Mume huyo alikuwa mfunga mizigo. Kazi yake ni kuzungusha minyororo, kuitia kwenye kulabu, kisha kutembea bega kwa bega na mzigo unaoning'inia, kamba ya kuuongoza mkononi, hadi utue. Mzigo ukianguka, wa kwanza kujua ni yeye. Mdogo wake alipomwomba, alijibu kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani: "Mke wangu akiipitisha, naingia. Asipoipitisha, siingii." Basi Cheche, mchomeleaji wa karakana ya matrela, akajikuta amekabidhiwa shingo ya mumewe aiamue kwa neno moja.

Alianza na viungo. Alichomoa bisibisi mfukoni akaikwangua rangi mpya bila huruma, Mtaalamu akikunja uso kana kwamba anakwanguliwa yeye. Chini ya rangi, mchomeleo ulikuwa safi, mawimbi yamepangana kama magamba ya samaki. Akakwangua kwingine. Safi. Alifunga kitambaa cha pamba kwenye kamba ya waya akakivuta taratibu toka mwanzo hadi mwisho, maana uzi mmoja wa waya ukiwa umekatika lazima udake pamba. Kitambaa kilitoka kizima. Kapi zilizunguka bila kulia. Kulabu ilikuwa na ulimi wake wa kuzuia mnyororo usichomoke, na ulimi ulifunga.

"Nipe pole ya kazi basi," Mtaalamu alisema. "Au hujui kutoa?"

"Pole hupewa mgonjwa. Wewe unaumwa nini?"

Mumewe alicheka kidogo. Alikuwa ameketi juu ya tairi, akipanga minyororo yake, mtu ambaye tayari ameshaamini. Hilo ndilo lililomkera Cheche zaidi. Kila alipogusa palikuwa pazuri, na kadiri palivyokuwa pazuri ndivyo alivyozidi kuuliza moyoni: sasa rangi ya nini?

"Inueni," alisema.

Palikuwa na pande la zege, msingi wa mashine ya zamani, zito kuliko hiyo jenereta. Mtaalamu alitoa miguu miwili ya lori, mmoja kila ubavu. Kila mguu ulichomoza kwa mkono wa bomba uliolala, kisha ukasimama juu ya ubao ili lori lisiyumbe. Mumewe akafunga. Winchi ikanguruma, kamba ikakaza, pande la zege likaachana na ardhi kwa utulivu wa kushangaza. Mtaalamu akalizungushia kulia, akalirudisha, akalishusha. Lori halikutikisika.

"Sasa sema," alisema. "Kizuri chajiuza."

"Na kibaya chajitembeza. Nangoja nione kipi ni kipi."

Aliomba linyanyuliwe tena. Safari hii hakuitazama winchi. Alimtazama aliyeiunda.

Mtaalamu alikuwa mvivu wa kutembea, jambo hilo ukoo wote ulilijua. Alikuwa mtu wa kumtuma mgeni amletee maji yaliyo kando ya mkono wake. Lakini pande la zege lilipokuwa juu alitaka koleo lililokuwa nyuma ya lori upande wa kushoto, hatua chache tu kutoka aliposimama. Hakukatiza. Alizunguka pua ya lori, akapita kwa mbali kando ya ukuta, akalichukua koleo kwa kunyoosha mkono, akarudi njia ileile ndefu. Juu ya pipa, karibu kabisa na mguu wa kushoto, palikuwa na kikombe chake cha chai. Alikuwa amekiweka kabla winchi haijawashwa. Chai ilikuwa imeshika utando. Mtaalamu, ambaye angeweza kumwacha mteja mlangoni kwa ajili ya chai ya moto, hakuifuata.

Ulimi unaweza kufundishwa. Miguu ya mtu haijui kusema uongo.

"Shemeji," Cheche aliita, "ligeuzie kushoto."

"Kushoto? Kesho tunashusha kulia."

"Kesho ni kesho. Ligeuzie kushoto, na wewe mwenyewe ushike kamba ya kuongoza."

"Mfunga mizigo yupo hapo, mimi nishike ya nini?" Mtaalamu alicheka, lakini kicheko kilikuja kimechelewa. "Kaka, hebu."

Mumewe alikwishainuka, mkono umeshanyooshwa kuichukua kamba, mtiifu kama mtu anayesogeza kiti. Cheche alimdaka kiwiko.

"Si wewe."

"Kamba tu, mke wangu."

"Nimesema si wewe. Ashike aliyeitengeneza."

Winchi ilinguruma peke yake. Mtaalamu aliitazama kamba, akautazama mguu wa kushoto, akamtazama kaka yake. Hakuishika.

"Lishushe," mumewe alisema polepole.

Likashushwa. Cheche alichukua spana akaenda kuugonga mkono wa mguu wa kulia. Ukalia kama kengele. Akazunguka, akaugonga wa kushoto. Ukatoa mlio wa kufa, kama unagonga gunia.

"Umeujaza nini?"

"Zege," Mtaalamu alijibu, macho chini. "Bomba nene lilinitosha upande mmoja tu. Huku nikatia jembamba, nikalijaza. Nguzo zangu zote za geti nazijaza zege, na hata lori likizigonga hazianguki."

"Nguzo ya geti imesimama, hakuna kinachoipinda. Hii umeilaza ukaibebesha. Zege likipindwa linapasuka, linabaki bomba lako jembamba."

"Nilidhani..."

"Ulidhani au ulisikia?"

"Nilipoijaribu peke yangu ililia. Kidogo tu. Ndani kwa ndani."

"Na wewe ukaipaka rangi," alisema mumewe. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Cheche hakutaka jambo libaki maneno matupu. Watu wa ukoo ule walijua kusameheana maneno kabla jua halijapanda. Aliamuru pande liinuliwe shubiri moja tu kutoka chini, kila mtu ahamie upande wa kulia, na Mtaalamu mwenyewe azungushe mpini wa kugeuza winchi. Mkono wa njano ukaanza kusogea kushoto. Rangi ndiyo iliyosema kwanza: ilipasuka juu ya bomba lililolala, ikamenyeka kama ganda la kitunguu. Ndipo wote wakasikia ule mlio wa ndani. Bomba likainama bila haraka, lori likalala ubavu kidogo, na pande la zege likaketi ardhini, palepale ambapo mfunga mizigo angekuwa amesimama. Pipa likasukumwa. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika.

Mumewe alipatazama mahali pale kwa muda mrefu.

"Nilijua utauona, shemeji," Mtaalamu alisema mwishowe. "Ndiyo maana nilikubali kaka akuite. Mimi kumwambia kwa mdomo wangu nilishindwa."

Huenda ilikuwa kweli. Cheche aliupima uso wake kama alivyoipima kamba ya waya, akavuta kitambaa cha moyoni toka mwanzo hadi mwisho, na hakuweza kusema kama kimedakwa au hakikudakwa.

"Kama ulitaka niuone," aliuliza, "rangi ilikuwa ya nani?"

Mtaalamu aliinama kuokota kikombe.

"Kesho hainyanyui kitu," alisema. "Ukipata bomba nene, nitakuja kuuchoma huo mguu mwenyewe. Na hutaupaka rangi mpaka niseme."

"Nimesikia, shemeji. Haki ya nani."

Walitoka uani bega kwa bega, mke na mume, minyororo ikigongana ndani ya mfuko. Walifika mbali kabla ya mumewe kusema, "Mdogo wangu amesema amesikia."

"Nami nimemsikia akisema."

"Humwamini."

Cheche aliingiza mkono mfukoni akatoa pini ya kulabu, nene kama kidole gumba, ambayo bila hiyo winchi ile isingeinua hata ndoo. "Wewe unamwamini?"

Mumewe alifungua kiganja chake. Ndani yake mlikuwa na ufunguo wa lori.