Dramu ya Nyuma

"Wewe Clint, nani alikwambia uvute breki ya mkono?"

Mume wangu alizidi kuinamia gurudumu. Jana aliliingiza gari baharini kushusha mashua, kama tufanyavyo wote ufukweni hapa, kisha akaliegesha nyumbani likichuruzika maji ya chumvi na kuvuta breki. Hata watoto wetu wanajua: gari likitoka baharini unaliacha kwenye gia, unaweka gogo nyuma ya tairi. Kutu ya miaka ilikuwa inangoja hiyo nafasi tu. Sasa dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki ya nyuma, imeganda, na baba yangu anakata roho hospitalini Mount Gambier. Majirani wote wako baharini kutega kamba, funguo za magari mifukoni.

Simu niliiweka chini karibu na jeki, sauti juu. Baba alikuwa kitandani, anatusikiliza.

"Mnapiga ukingoni nyie," alisema kwa shida. "Piga kati ya boliti na boliti. Zungusha. Taratibu."

"Baba, nina haraka!"

"Basi utaipasua, uje kwa miguu."

Clint akaichoma dramu kwa moto wa gesi, mimi nikapiga. Machozi na jasho vilinichanganyikia usoni. Nilimchukia Clint, nikalichukia gari, nikaichukia bahari yenyewe. Sauti ya baba haikusikika tena.

"Dada," sista wa wodini akashika simu ya baba, "mko mbali?"

"Mwendo wa masaa matatu."

"Mzee hana masaa matatu, dada yangu."

Nikapiga kama mwehu. Dramu ikalia, ikachomoka, ikabingirika hadi kwenye nyasi.

"Imetoka! Baba, imetoka!"

Clint tayari alikuwa amebeba tairi. Sista akasema haraka, "Mbona mmeacha? Mlipokuwa mnapiga alikuwa anahema vizuri, kidole chake kinagonga shuka. Sasa anahangaika."

Clint alinitazama. "Tunaondoka au vipi?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nikaiokota ile dramu, ingali moto, nikaiweka juu ya jiwe karibu na simu na kuinua nyundo. Nikapiga kati ya matundu ya boliti, nikaizungusha, taratibu, mpaka sista aliponiambia niache.