Upande wa Wasichana

Bwana Mwambire yupo, huyo mkufunzi waliyeletewa kutoka Mombasa, kijana wa kofia nyeupe na filimbi shingoni. Mwalimu Kahonzi Lewa wa Jilore yupo, mshika saa, vumbi la safari lingali kwenye viatu vyake. Abdulhalim Zein yupo, muuza vitambaa, mshika saa wa pili, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa kazi. Kambi yupo, mtunza bwawa la hoteli hii, ndiye anayeanzisha mbio. Na yeye mwenyewe yupo, Farjallah bin Hilal, mwamuzi wa mitindo, amekaa wima kama walivyofundishwa kukaa shuleni zamani za Waingereza, viganja juu ya magoti... Bi Hindu Mahadhi hayupo, na hilo ndilo jambo, alijiambia Mzee Farjallah, hilo ndilo jambo lote, maana yeyote mwingine angekosekana hapa mashindano ya kuogelea ya kesho yangeendelea, hata mimi ningekosekana yangeendelea, lakini si yeye, na Bwana Mwambire alikuwa ameshauliza mara moja, kalamu mkononi, na sasa anauliza tena, "Wazee wangu, upande wa wasichana kesho asubuhi atasimama nani?" na wote wakatazama bwawa nje ya dirisha kana kwamba jibu lingeelea juu, Kambi akakwaruza gundi ya zamani mezani kwa ukucha, Mwalimu Kahonzi akakohoa, na Mzee Farjallah akasikia shingo yake ikiwa nzito kama imetiwa nira, atafika, alisema kuwa atarudi Ijumaa, na leo si ndiyo Ijumaa, na basi la Mombasa huchelewa, ni lini halikuchelewa, pale kivukoni Kilifi watu husubiri feri hadi jua liwapasue vichwa, atafika na buibui lake limejaa vumbi na atasema samahanini jamaa, na kalamu hiyo itaandika jina lake na mimi nitapumua.

"Mzee Faraj?" alisema Bwana Mwambire. Farjallah, alisahihisha moyoni, Farjallah, jina halikatwi kama mkate, lakini hakusema, hakuwa mtu wa kusema, akajibu tu, "Nafikiri, bwana," na kijana akatikisa kichwa kwa adabu, akasema, "Fikiri, mzee, lakini karatasi yangu yaondoka nami magharibi, na bila mwamuzi aliyepitia mafunzo haya mbio za wasichana nazifuta, Mombasa watakwenda wavulana peke yao, mimi sina la kufanya, ndiyo sheria," na aliyasema bila ukali, na hapo ndipo palipouma, mtu akikukaripia unapata pa kushika... wavulana peke yao, na Tima je, Tima mjukuu wangu, ambaye mchana wa leo, kijana huyu alipofungua karatasi zake na kusoma kanuni ya kwanza, nilimwona mbele yangu kana kwamba amekaa humu ndani, maana hii kanuni ya mtindo wa chura imekuja kwa ajili yake, zamani kichwa kikizama tu umefutwa, hakuna rufaa, na kichwa cha Tima huzama, amezaliwa hivyo, huenda chini kama kibuyu kilichotiwa maji kisha huibuka, na sasa Bwana Mwambire asoma, "Tangu mwaka huu wa themanini na saba, kichwa ni ruhusa kuzama, mradi kivunje uso wa maji katika kila mzunguko wa mikono na miguu," na Abdulhalim akasema, "Yaani sasa ni ruhusa kuwa chura kamili, si nusu chura," wakacheka, na mimi nilicheka pia, nilicheka kuliko wote, kisha akafunua ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili ndio uliokata kicheko. Mwamuzi atembee sambamba na waogeleaji, macho yake kwao tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyeliona kosa ndiye atakayenyanyua mkono, yeye mwenyewe na papo hapo, "hakuna cha kuambiana wala kuashiriana," alisema Bwana Mwambire, na alipolisema hilo alimtazama Mzee Farjallah, kwa hiyo ameambiwa, ameshaambiwa na mtu, na nani kama si Abdulhalim, naye Abdulhalim akajidai anachunguza kifungo cha shati... maana mji mzima ulijua kuwa upande wa wasichana wa Malindi mwamuzi alikuwa mmoja mwenye viwiliwili viwili, Bi Hindu Mahadhi mwenye macho na Farjallah bin Hilal mwenye mkono, Bi Hindu akisimama ukingoni na buibui lake, akitembea nao, akitazama, na kwa kuwa asingeweza kunyanyua mkono hewani mbele ya wanaume, mkono wa buibui ukateremka hadi kiwikoni, aligonga ngazi ya chuma kwa ufunguo wa nyumba yake, mara moja kwa mstari wa kwanza, mara mbili kwa wa pili, na yeye Farjallah akiwa ameelekea ukuta wa mabafu, mgongo kwenye maji, alisikia ufunguo, akanyanyua mkono, akataja mstari, na mambo yakaenda hivyo miaka na miaka bila mtu kulalamika, isipokuwa ile siku mzungu mmoja wa hoteli alipokoroga chai yake kwa kelele, yeye akanyanyua mkono, akataja mstari wa tatu, na Bi Hindu akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Mzee Farjallah, teremsha mkono, hicho ni kijiko, hakuna aliyekosa ila mwenye chai," na wale mama waliokaa nyuma ya makuti yaliyotundikwa kuzunguka bwawa wakacheka hadi wakakosa pumzi, na yeye aliuteremsha mkono, na hata leo akisikia kijiko ndani ya kikombe bega lake hushtuka... lakini ndivyo walivyokubali wazee wa mtaa wa Shela, si vinginevyo, nilikwenda mimi mwenyewe baraza kwa baraza, nikanywa kahawa zao, na baba yake Kamaria akaniuliza, "Binti zetu wakiogelea, atatazama nani?" nikamwambia, "Bi Hindu," akauliza, "Na wewe?" nikasema, "Mimi nitatazama ukuta," akacheka, akanipa mkono, na kwa mkono ule wasichana wakaingia majini na suruali zao na fulana ndefu, kwa neno langu, na neno la Farjallah bin Hilal halijapata kurudi nyuma, na kesho likirudi nyuma...

"Mzee wangu, mbona neno dogo hilo," alisema Abdulhalim, "kesho geuka tu, ukuta hautakimbia," na Kambi akasema, "Waujua vizuri ukuta huo, mzee, waweza kutuambia una nyufa ngapi," na Abdulhalim, ambaye akipata nyuzi mbili hufuma shuka, akaongeza, "Au nikuletee kitambaa cha kufunga macho, ninazo rangi zote, wewe nyanyua mkono kwa kubahatisha, utapatia nusu," na Mwalimu Kahonzi akasema taratibu, "Muacheni mzee, mzigo huu si wa mzaha, mimi nimetoka Jilore na sijui mila za mjini, lakini naona mtu anavyotoka jasho," na kwa kweli alikuwa akitoka jasho, alilisikia likishuka nyuma ya sikio, hakulifuta, kulifuta ni kukiri... Kwa nini si wewe, Kambi, alitaka kusema, kwa nini si Mwalimu, lakini jibu alilijua, Kambi anashika bastola ya kuanzishia na hao wawili wanashika saa, mwamuzi wa mitindo ni yeye peke yake, yeye na Bi Hindu, atafika, na chuoni alifundishwa angali mtoto kuwa mtazamo wa kwanza ni wako na wa pili ni juu yako, akaushika mtazamo wake kama mtu anavyoushika mlango siku ya upepo, hata sokoni, hata harusini, na watu wakamsifu kwa hilo, Farjallah haya zake ni za zamani, na sifa ile ilimkaa vizuri, hakuna haja ya kuficha, ilimkaa kama kanzu iliyopigwa pasi.

Simu ikalia mapokezini, na Harusi, karani wa mapokezi, alisikika akisema halo, halo, tena kwa nguvu kama wanavyofanya simu ikiwa ya mbali, na Mzee Farjallah moyo ukamruka kwa furaha, ni yeye, amekosa basi, anasema atakuja na la mwisho, na akamwona kama alivyomwona kituoni alipomsindikiza, amekaa dirishani na kikapu mapajani, anakwenda kwa dada yake apimwe moyo, moyo huu wapigapiga ovyo, alisema, kama mtoto aliyepewa ngoma, kisha akasema lile neno jingine, ambalo yeye alilichukulia kuwa utani na akacheka nalo, "Mzee Farjallah, jua la juu ya maji lauma, macho yangu yamezeeka kwa niaba ya yako," akacheka yeye, nikacheka mimi, basi likaondoka... kwa niaba ya yako, sasa ndipo alipolisikia, ajabu ya maneno, husemwa leo yakafika kesho, kwa niaba ya yako, maana yeye naye alikuwa na haya, yeye naye alilelewa, akina Mahadhi wale wa Siu hawakumlea mwana wao kusimama mbele ya hoteli ya wazungu akitembea ukingoni na jua usoni, na kila alipogonga ngazi alikuwa yeye mwenye kusema huyu amekosa, na mama zao wakamnunia yeye, hawakuninunia mimi, mimi nilikuwa mkono tu, mkono hauna lawama, na miaka yote nilidhani wazee wa Shela walikuwa wameniamini mimi... Na Tima, mara ya pili alipofutwa, alirudi nyumbani na nywele zingali zimelowa, akasimama mlangoni, hakulia, akauliza, "Babu, uliniona?" nikamwambia, "Bi Hindu ameona," akasema, "Sikuulizi Bi Hindu," akaingia ndani, na mama yake, Kuluthumu, akamkaripia kwa kumjibu mkubwa, na mimi nikasema mwache, ni mtoto, nikafungua redio... Uliniona? Sikukuona, mjukuu wangu, ningeweza kukutazama wewe, wewe ni damu yangu, hakuna kitabu kilichonikataza, lakini nilikuwa nimeshazoea ukuta, na mkono wangu ulikufuta mara mbili na sijui hata unavyoogelea, niliposema huzama kama kibuyu ni maneno ya Bi Hindu, ndiye aliyenihadithia. Na hao wengine, wana wa watu, Kamaria na wenzake, kama mmoja angezidiwa majini mbele yangu ningegeuza uso? Anayemwokoa mtu hageuzi uso, mkunga hageuzi uso, hakimu hahukumu kwa mgongo, na haya ikiwa inamwachia mwanamke mmoja jua lote peke yake... jina lake lingine ni nini, hiyo haya? Basi nitakwenda leo baada ya isha kwa baba yake Kamaria, sitakunywa kahawa kwanza, nitamwambia nilichokuahidi sikiwezi tena, kesho nitatazama, nitatazama vichwa na mikono na miguu kama karatasi isemavyo na si zaidi, ukitaka kumzuia binti yako mzuie, ni haki yako, lakini usiseme hukuambiwa, na atakasirika, ataniita jina ambalo sijapata kuitwa, na pengine wengine watamfuata, na pengine kesho atakuwapo Tima peke yake bwawani, basi mbio zitakuwa za mmoja, na huyo mmoja nitamwona, na ni siku moja tu, Bi Hindu akija atapumzika kivulini na mimi nitazoea, tutapokezana, kwa nini hatukupokezana tangu mwanzo.

Bwana Mwambire alikuwa ameanza kufunika kalamu yake. "Niandike mimi," alisema Mzee Farjallah, akarudia, "Niandike mimi upande wa wasichana, mpaka Bi Hindu Mahadhi atakaporudi," na kijana akamtazama, akauliza, bila kejeli, "Na utatazama, mzee?" akasema, "Nitatazama," na kalamu ikafunguliwa tena, "Faraj Hilal," alisema Bwana Mwambire akiandika, na Mzee Farjallah akasema, "Farjallah. Farjallah bin Hilal," na kijana akakata, akaandika upya, na Harusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, hakuna aliyejua tangu lini, anangoja wazee wamalize kusema.

Alisema simu ilikuwa ya dada yake Bi Hindu, kutoka Mombasa. Bi Hindu Mahadhi amefariki leo adhuhuri.